Pikapu ya Shangazi na Wajuzi wa Likoni

Hakuna kiumbe ajuaye gari kama mwanamume wa Likoni asiye na gari. Nimeishi na viumbe hao, nimewapikia chai, nimewasikia wakizungumzia injini kwa ile sauti ya chini ambayo wengine huitunza kwa mambo ya Akhera. Ujuzi wao hauna mpaka, ila mmoja: magoti. Hawapigi magoti, hawainami. Gari wanalijua kuanzia kiunoni kwenda juu.

Nilikuwa na miaka ishirini, na miaka ya themanini ilikuwa ikielekea ukingoni, pale shangazi yangu alipotangaza kwamba atanunua pikapu. Alikuwa mjane, dada mkubwa wa baba yangu, nami niliishi naye Timbwani, huko huko Likoni, tangu nilipomaliza shule. Wazazi wake walikuwa wamemwachia shamba la minazi, na kati ya shamba hilo na barabara kulikuwa na bonde. Halikuwa bonde la kutisha. Ungetupa jiwe likaanguka ng'ambo. Lakini udongo wake ulikuwa mweusi, wa mfinyanzi, na masika yakishika lilimeza kila chenye gurudumu. Mikokoteni ililala mle, na malori pia. Kilichopita ni trekta ya tajiri mmoja wa nazi, na kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeweza kupita, ni yeye peke yake aliyetaja bei. Shangazi alimchukia mtu yule kwa chuki safi yenye adabu, chuki inayoanza kwa neno "karibu" na kumalizikia kwenye kahawa.

"Nataka gari la fowili," akasema siku moja, akikuna nazi. Fowili ndilo jina letu la gari ambalo magurudumu yote manne huvuta, ya mbele na ya nyuma. "Nipite kwenye lile bonde na nazi zangu, nikauze nitakako."

Ami, yaani mdogo wake, alicheka hadi kofia ikamtoka. Ami aliwahi kuendesha lori Changamwe kwa miezi tisa, kabla sijazaliwa, na miezi ile tisa ilikuwa imezaa ujuzi wa maisha. Isitoshe, kila nazi zilipoanguliwa tajiri alimwachia kitu cha mkononi, kwa kuwa ami ndiye aliyemwongoza shambani, kana kwamba trekta ingepotea njia.

"Dada, gari si mbuzi, umtazame meno."

"Basi twende ukanitazamie weye, mjuzi."

Tukaenda Changamwe, ng'ambo ya feri. Gereji ilikuwa kando ya barabara ya malori ya mafuta, ardhi yake nyeusi kama sufuria. Fundi alikuwa mtu wa maneno matamu na mikono safi, na ile mikono pekee ingetosha kutuzindua. Pikapu ilisimama nyuma ya vyuma vingine, nzee, imekodoa taa, bodi imeliwa na kutu hadi ungeweza kuuona ukuta kupitia mlangoni. Nilipokuwa na umri ule nilipenda kila kilichochakaa, nikiamini uchakavu ni aina ya hekima. Niliipenda papo hapo. Siku hizi nikiona kitu kimeoza nasema kimeoza.

Ami aliizunguka mara tatu. Alipiga teke gurudumu, akapiga kofi boneti, akafumba macho kuisikiliza injini kama anayesikiliza kaswida. Kisha akaingia ndani, akashika mkono mdogo wa gia wenye kirungu chekundu kilichong'aa kama tunda, akauvuta. Mkono ukaja, ukarudi.

"Hii hapa fowili yenyewe," akasema.

"Umeona, mzee wangu," fundi akamsifu. "Watu kama nyinyi ni wachache siku hizi."

Ikawa ndio uchunguzi wote. Wanaume wawili wazima walisimama mbele ya gari lililopita umri wangu, na hakuna aliyelitazama chini.

Matengenezo yalichukua miezi. Sakafu ilichomelewa bati jipya, bodi ikajazwa puti kwenye matundu, kiti kikavishwa leso mbili ambazo shangazi alizishona mwenyewe. Mlango wa kushoto haukukubali kufunga, ukafungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na hadi mwisho wa maisha yake gari lile lilifunguliwa kama gunia. Halafu ikaja rangi. Fundi aliipuliza buluu, na aliipuliza kwa ukarimu wa mtu anayeficha jambo: bodi, bampa, vyuma vya magurudumu, hata nusu ya mipira. Kila kilichosimama tuli kilipata buluu.

Siku ya kuileta nyumbani ilizimika kwenye feri, pale pale langoni, na watu wakalazimika kuisukuma hadi nchi kavu. Mpagazi mmoja alisukuma huku akiuliza, "Mama, hili gari au kabati la nguo?"

Shangazi, ndani, buibui limenyooka, akamjibu bila kugeuka: "Kabati. Sukuma taratibu, kuna vyombo."

Mvua za kwanza ziliponyesha tukaipeleka bondeni, tupu, kuijaribu. Ami alishika usukani. Mimi nilikuwa na leseni, shangazi alikuwa amenilipia mafunzo kwa ajili ya kazi hiyo hasa, lakini ami alisema bonde si mahali pa mtoto wa kike kujifunzia. Akavuta kirungu chekundu kwa mkono wa mfalme. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakalia, yakaturushia matope usoni. Ya mbele yalikaa kimya kama wageni waliokosewa. Tukavutwa na ng'ombe.

Fundi akaitwa. Akasema ni giaboksi. Akaifungua, akaifunga. Tukarudi bondeni, magurudumu ya mbele hayakuvuta. Akasema ni giaboksi tena, sehemu nyingine yake. Mara ya tatu alifungua kile kile alichokifungua mara ya kwanza, akafuta jasho ambalo hakuwa nalo, akatoa hukumu: fowili imekufa, vyuma vyake havipatikani tena nchini, lakini kwa kuwa anamheshimu mama, yuko tayari kulichukua gari lenyewe kwa bei ya chuma chakavu. Hadi leo sijui kama alikuwa mjinga au mwizi. Siku nikiwa na moyo mwema namwita mwizi.

Barazani kwetu hukumu ile ilipokelewa kwa furaha. Kila jioni wajuzi walikuja, wakavuta kirungu chekundu mmoja mmoja, wakatikisa kichwa. Mmoja alisema mafuta ya giaboksi ni mazito kwa hali ya hewa ya pwani. Mwingine alisema magari ya aina hii yalitengenezwa kwa nchi za baridi. Watu wazima walipanga foleni kuvuta kijiti!

"Muuzie fundi, dada," ami akasema. "Na nazi mwachie tajiri. Mbona kila mtu amwachia?"

Siku ya tatu shangazi akatoa neno mbele yetu sote. "Nazi zitaanguliwa wiki ijayo. Gari litapakiwa, litaingia bondeni. Likipanda, langu. Lisipopanda, fundi alichukue pale pale, na mimi wallahi sitasema tena habari ya gari maishani mwangu."

Nilijua maana yake. Alikuwa ameuza bangili zake ili kununua kabati lile. Likienda, atarudi kusimama chini ya minazi yake mwenyewe akisubiri aambiwe thamani yake.

Siku zilizofuata alilisafisha. Alikaa chini kwenye kigoda, gurudumu baada ya gurudumu, akikwangua rangi na matope kwa kisu cha jikoni, nami nikikaa kibarazani na riwaya, kwa kuwa nilikuwa na kazi muhimu: nilikuwa nikijitayarisha kuwa mwandishi. Katikati ya magurudumu ya mbele, chini ya buluu, alifukua vifuniko viwili vya duara, kimoja kila upande, vyenye mshale mdogo. Yale ya nyuma hayakuwa na kitu. Akaviangalia sana. Halafu akaingia garini, akatoa kwenye mtoto wa dashibodi, kile kisanduku chake cha kuvuta, kijitabu kilichokuwemo tangu tununue, kimevimba kwa unyevu, kurasa zimeshikana.

Shangazi alisoma herufi za Kiarabu vizuri sana, na hata barua aliandika kwa hizo. Herufi za Kizungu hazikumhusu. Lakini picha ni picha. Akanijia na ukurasa mmoja: mkono wa mtu umeshika kile kifuniko, unakizungusha.

"Mwanangu, hapa pasemaje?"

Nikainua macho nusu. "Mambo ya magurudumu tu, shangazi."

"Magurudumu gani?"

"Ya gari."

Nikarudi kwenye riwaya yangu. Hii ndiyo sehemu ninayoona haya kuisimulia, nami naiandika ili wajuzi wa barazani wasidhani nawacheka wao tu. Nilisoma karatasi za kufungia mandazi. Nilisoma magazeti ya mwaka juzi yaliyobandikwa ukutani. Lakini kijitabu kile kilikuwa garini miezi yote, nami sikukifungua, kwa kuwa hakikuwa na hadithi. Yeye hakusisitiza. Alikunja kona ya ukurasa, akaondoka nacho.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri hadi asubuhi. Bonde lilimeta. Upande wa barabara ilisimama trekta ya tajiri, haikualikwa, na dereva wake akila muhogo. Fundi alikuja amevaa shati jeupe. Wajuzi walijipanga ukingoni kama watu wa mpirani. Ami akapanda kwenye usukani, nyuma yake nazi zimejaa hadi juu, akavuta kirungu chekundu huku akitutazama, ili tuone namna kinavyovutwa. Pikapu ikateremka, ikafika katikati, ikakaa. Magurudumu ya nyuma yalichimba kwa bidii, na kila ami alipokanyaga mafuta gari lilizama zaidi, kama mtu anayejichimbia kaburi lake kwa haraka.

"Nilisema mimi," fundi akasema, akianza kukunja mikono ya shati. "Imekufa hiyo, mama. Tuite trekta."

"Ngoja," shangazi akasema. "Ndugu yangu, shuka."

"Nishuke wapi, dada? Kuna matope!"

"Ndiyo. Shuka mumo humo."

Alivua viatu. Akafunga buibui kiunoni, akaingia bondeni, matope yakimpanda hadi karibu na magoti, na mbele ya wanaume wote wale akapiga magoti kando ya gurudumu la mbele. Ukingoni wakaanza kunong'ona. Nilimsikia mmoja akisema anasoma dua. Mwingine akasema la, anaganga. Alifukua udongo kwa vidole, akashika kile kifuniko, akakizungusha kwa nguvu zake zote hadi mshale ukakaa upande wa pili. Kikalia ka! Akainuka, akazunguka, akapiga magoti tena upande wa kulia. Ka!

"Ingia weye," akaniambia.

Nikaingia. Nikakanyaga klachi. Nikakirudisha kirungu, nikakivuta upya, nikaachia polepole kama nilivyofunzwa, na nikahisi kitu ambacho sijakisahau: mbele ya gari palishika. Palikuwa pamekufa, pakashika ardhi kama mtoto anavyoshika kidole. Magurudumu manne yakavuta kwa pamoja, polepole, bila kelele, na kabati la nguo likatoka bondeni na nazi zake zote, likapita karibu kabisa na trekta hivi kwamba dereva aliacha kutafuna.

Barabarani nikazima injini. Wanaume walikuja mbio, na aliyetangulia ni fundi.

"Mmeona?" akapaza sauti. "Mmeona ile giaboksi niliyoifunga? Ilikuwa yahitaji muda tu ishike!"

Hakuna aliyemcheka ila mimi. Ami alisema injini ilikuwa baridi, yeye ameipasha moto, nami nimeikuta tayari. Yule aliyesema anaganga aliuliza kwa heshima kama mganga ni wa Likoni au wa Kisauni. Wote walikuwa wameona mkono ukizungusha kifuniko. Walikuwa tayari kuamini jini, hewa, mafuta, chochote kile, mradi isiwe kwamba miezi yote walivuta kirungu huku kazi ikiwangojea chini, karibu na matope.

Shangazi alinawa mikono kwenye dimbwi, akajipangusa kwa ncha ya leso, akakaa juu ya bampa, akatoa kijitabu kifuani.

"Sasa nisomee," akaniambia. "Tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Nikasoma, nikitafsiri neno kwa neno, nikiona aibu hadi masikioni. Nikafika ukurasa uliokunjwa kona: kabla ya kuvuta mkono mdogo wa gia, dereva ashuke, azungushe vifuniko vya magurudumu ya mbele, vyote viwili, kwa mkono. Ilikuwa mistari mitatu, yenye herufi kubwa.

Ami alikuwa amejiinamia nyuma yangu kusikiliza, mara yake ya kwanza kuinama tangu gari linunuliwe. Akakohoa.

"Hapo," akasema, "kitabu kimekosea."