Nilijenga ukuta kuzuia kelele za treni, kumbe kitanda kilikuwa kinaonekana

Wakuu, salamu kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto hapa Kisangani. Mke wangu atausoma uzi huu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Nyumba yetu iko chini ya tuta la reli ya Ubundu. Treni haipiti kila siku, lakini siku ya kupanga mabehewa, kichwa cha treni kinaenda na kurudi asubuhi nzima. Breki zinalia juu ya paa letu.

Tulizoea. Kisha mama watoto akaugua moyo. Breki ikilia, anashtuka, anashika kifua. Mwishowe akahamia kwa binti yetu anayekaa Makiso, upande wa pili wa mto.

Bon, nikaamua kumrudisha. Nikachukua matofali aliyojiwekea ya kujenga jiko, nikaita fundi tukainua ukuta mbele ya nyumba, mrefu kunipita. Sikumuuliza.

Akaja kujaribu. Breki ya kwanza tu, akafunga mfuko wake.

"Papa, jiko yangu iko wapi?"

"Iko pale, inasimama."

"Basi endaka kupika pale."

Nilinuna. Nikamlaumu fundi, nikalaumu simenti.

Siku moja nilipanda tutani kununua makala, mkaa wa kupikia. Nikageuka kuangalia nyumbani. Wakuu, macho yalipita juu ya ukuta wangu yakaingia hadi chumbani. Niliona chandarua chetu! Kilionekana kupitia claustra, yale matofali ya matundu ya kupitisha hewa. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaka yaelekee reli, nyumba ipendeze.

Kama jicho langu lilifika kitandani, kelele ingeshindwaje?

Nikaziba matundu ya upande huo, nikafungua mengine upande wa pili. Kitanda nikakipeleka chumba cha nyuma, tulichokuwa tunawekea magunia. Zamani nilikikataa kwa sababu niliona aibu, baba wa nyumba kulala nyuma kama mgeni. Aibu hiyo ndiyo iliyonifukuzia mke.

Akaja tena. Akajilaza pale, treni ikapita. Kelele haikuisha, lakini mkono haukwenda kifuani.

"Bon," akasema. "Sasa matofali yangu."

Ukuta nimeubomoa. Jiko limefika kwenye lenta. Yeye ameketi kwenye kiti anasimamia, mimi nachanganya udongo.

Donc, mnaokaa karibu na reli, kabla ya kujenga chochote pandeni kwanza kule kelele inakotoka, muangalie nyumba zenu. Na mwenye matofali aulizwe.

Ninyi kwenu mlifanyaje? Semeni, hata mkinicheka nastahili.