Mashine ya Yonas na Baridi ya Tumati

"Umemuua baba yangu mara ya pili! Mara ya kwanza kilimuua kifua, mara ya pili umemuua wewe na hilo sanduku lako!"

Erica alikuwa amesimama katikati ya chumba cha Yonas, mpiga video wa Tumati, kidole amekielekeza kwenye kompyuta kama anamwonyesha polisi mwizi.

"Dada Erica, punguza sauti. Mama yupo nje."

"Ndiyo, yupo nje! Ametoka nyumbani hata chai hajanywa, eti anakuja kumsikia mume wake. Nimwambie nini? Kwamba umemkaanga?"

Yonas akarudisha video nyuma, mara ya ngapi hata yeye hajui. Kwenye kioo, Mzee Sulle, baba yake Erica, alikuwa amesimama na fimbo yake kwenye sherehe ya kumuaga binti yake. Akakohoa kidogo, akafungua mdomo kuanza slufay, ile baraka ndefu ya wazee wa Kiiraqw, inayosemwa bila karatasi huku watu wanaitikia. Alifungua mdomo tu. Uso ukageuka vipande vya kijani, sauti ikapasuka kama bisi kwenye sufuria, na picha iliporudi, akina mama walikuwa wanagawa wali.

Mzee alifariki masika. Na simu za watu wala msiulize. Siku ile Yonas mwenyewe ndiye aliyeshika kipaza sauti akatangaza, "Jamani, simu chini, mnaniharibia picha, video safi mtaipata kwangu." Watu wa Tumati wana adabu. Waliziweka chini.

Sasa huyu Yonas si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka, basi. Alianza na kamera ya kuazima, akapiga harusi, akapiga misiba, akapiga kipaimara, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika na watu wengine, na mwenye macho aliona kwamba imechoka. Kuziunganisha picha za video ya harusi moja ilikuwa kazi ya kutwa nzima, na umeme wetu mnaujua. Mashine inafika karibu na mwisho, bibi harusi anakata keki, pu! Giza. Unaanza upya.

Ndipo akateremka Endasak kwa fundi Alex, kujifunza kuipandisha spidi ile prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, izidi ilivyotoka kiwandani. Vijana wanaita ovaklok.

Alex alimfundisha, na alimwonya vilevile. "Mambo ni mawili, Yonas. Joto na volti. Kwa prosesa hii yako, ikifanya kazi nzito, joto lisipite nyuzi themanini. Na volti usivuke moja nukta tatu tano. Ikigoma hapo, punguza spidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, fundi. Ila joto lipo kwenu huku. Kwetu Tumati hata nzi anavaa koti."

Wakacheka wote wawili. Sikio la Yonas lilikuwa limechukua nusu ya maneno, ile nusu iliyomfurahisha.

Alirudi akapandisha spidi, akafungua ubavu wa mashine, akaisogeza dirishani, upepo wa mlimani uingie moja kwa moja. Jiko la mkaa akalipiga marufuku chumbani. Wateja walikaa kwenye benchi wamejifunika mashuka, meno yanagongana, yeye anawaonyesha namba kwenye kioo: "Nyuzi hamsini na nane! Huko Endasak ingekuwa inaungua hii!" Mkewe Doris alimwambia, "Hiyo mashine ungeioa." Akamjibu kwamba mashine haimuulizi alikuwa wapi.

Na kweli ilikimbia. Harusi ilimalizika kabla umeme haujakatika. Sifa zikafika mpaka Gehandu.

Halafu ikaanza kuanguka. Katikati ya kazi inazima yenyewe, inawaka, inazima. Yonas akaangalia joto: sitini. Safi! Basi haina ugonjwa, ina njaa. Akaiongezea volti kidogo, moja nukta nne. Ikasimama imara. Baada ya muda ikaanguka tena. Akaongeza tena. Mtu wa pombe naye huwa hivyohivyo: mwanzo glasi moja inamchangamsha, mwishowe bila chupa mbili hawezi hata kusimama wima, na yeye anasema dawa ndiyo hiyo. Yonas alifika moja nukta tano, dirisha wazi, nyuzi sitini na mbili, anapiga mluzi.

Sherehe ya Erica ilikuja wakati huo. Aliinakili kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye kompyuta, mashine ikazima katikati, akaiwasha, ikamaliza. Hakuifungua kuitazama. Kesho yake kulikuwa na harusi Gehandu na kadi alikuwa nayo moja. Akaifuta.

"Mpigie huyo fundi wako," Erica alisema sasa. "Mpigie nisikie."

Yonas akapiga, akaweka sauti ya nje, akaeleza. Upande wa pili Alex akauliza swali moja.

"Volti ulifikisha ngapi?"

"Moja nukta tano. Lakini joto, fundi, joto lilikuwa sitini tu! Hata sabini haikugusa!"

"Yonas, joto unaliona, linakupigia kelele. Volti inakula ndani kwa ndani, hata ukiiweka kwenye barafu. Ilipoanza kuzima tena baada ya kuiongezea, prosesa ilikuwa imeshaharibika. Hapo inakosea hesabu, na kila unachopitisha inakiandika vibaya. Ulipaswa kushusha spidi ilipozima mara ya kwanza."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Prosesa nyingine utapata. Kilichoandikwa vibaya ndivyo kilivyoandikwa. Pole."

Simu ikakatika. Erica hakupiga kelele tena, na hapo ndipo Yonas alipoogopa.

"Kwa hiyo ilikuwa inaanguka kabla ya sherehe yangu," akasema polepole.

"Ilikuwa... mara mojamoja."

"Na ulijua."

"Nilijua inazima. Sikujua inakula."

"Ulijua inazima, ukafuta kadi. Haya kaka Yonas. Mama yupo pale nje kwenye benchi. Toka ukamwambie mwenyewe."

Yonas akatoka. Mama yake Erica alikuwa amekaa juani, shuka mabegani, ameshusha kilemba kidogo sikio lipate nafasi. Kelele za ndani alizisikia kwa mbali, akadhani vijana wanataniana kama siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Tayari? Niingie sasa?"

Yonas alimtazama, akatazama mlango, Erica amesimama pale mikono kifuani. Akafungua mdomo. Kisha akainamisha kichwa, akapita mbele ya yule mama, akashika barabara ya kuteremkia sokoni, anatembea kama mtu aliyetumwa.

"Yonas! Niingie?"