Maisha ya Bi Mvuke, Aliyekataa Kufungua Fundo

Umeyaona. Usijifanye hukuyaona. Yale mashuka yanayoanikwa ua wa nyuma wa hospitali kuu, yenye madoa ya rangi ya chai, unapita kando yake kila Jumapili ukija kanisani, na kila Jumapili unageuza uso upande wa maua. Basi kaa chini kidogo nikusimulie habari za mwanamke ambaye hakugeuza uso ila mara moja tu, na hiyo mara moja ikamkaa kifuani miaka hamsini na miwili. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu na huenda lisimtangaze kamwe. Sisi tuliokula mkononi mwake hatukungoja tangazo.

Alizaliwa mwezi wa tatu mwaka 1944, mtoto wa sita wa seremala mkimya na mke asiyenyamaza. Alirithi ukimya wa baba. Ila ukimkasirisha, ulimwona mama yake waziwazi. Shule aliisoma miaka minne. Mwaka 1963, akiwa na miaka kumi na tisa, aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali: sakafu ya saruji, masinki manane, na mwishoni boila nyeusi iliyonguruma kama ng'ombe mwenye njaa. Wenzake walimpachika jina la Bi Mvuke, kwa kuwa kila alipotoka nje moshi wa maji ulimfuata mgongoni. Aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa mizaha aliyependa kusema, "Mimi nawaleta, mke wangu anawatandikia." Walijaliwa watoto wanne. Wa tano nitamfikia.

Wanawake wa chumba kile walikuwa na sheria yao, ambayo hakuna mkubwa aliyewaandikia. Shuka likishuka kutoka wodini, kabla hata halijaguswa na sabuni, hufungwa fundo kwenye pembe moja. Fundo maana yake: hili bado. Hulowekwa na fundo lake, husuguliwa na fundo lake, huingia kwenye boila na fundo lake. Likishatoka kwenye maji yaliyochemka, hapo tu ndipo hufunguliwa na kupelekwa kupigwa pasi. Hakuna mkono uliothubutu kupandisha wodini shuka lenye fundo. Walikuwa wanawake wasiojua majina ya vijidudu, lakini walijua mauti hujificha wapi.

Mwezi wa nane mwaka 1971 boila ilizimika. Siku ya pili msimamizi, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka zisizoisha, alishuka akasimama mlangoni. "Wodi ya wazazi haina mashuka. Fungueni hayo mafundo, mpige pasi, mpandishe." Bi Mvuke akamwambia boila imekufa. Msimamizi akajibu, "Mama, nani atajua?" Naye, mwenye watoto wanne nyumbani na mwenye kuogopa kufukuzwa, akafungua. Alifungua mafundo kumi na manne kwa vidole vyake mwenyewe. Ndani ya wiki hiyo wazazi watatu walishikwa na homa, na mmoja, binti wa miaka ishirini aliyekuwa amejifungua kifunguamimba, akafa. Daktari alisema ni homa ya uzazi, kazi ya Mungu. Bi Mvuke alijua ni kazi ya boila, na kazi ya vidole. Ninyi mnaopenda watakatifu wasio na doa, funikeni karatasi hii hapa. Mimi namwandika kama alivyokuwa.

Hakukimbilia kutubu kwa maneno. Alipanda wodini na aproni yake mbichi, akamkuta baba wa mtoto amekaa kwenye benchi, kitoto kikilia mapajani mwake, na mwanamume mwenyewe hajui hata ashike kichwa au miguu. Akamwambia, "Mimi ndiye niliyetandika kitanda cha mkeo. Nipe mtoto nimnyonyeshe, wangu wa mwisho bado ananyonya. Ukiweza kunisamehe, utanisamehe baadaye." Yule baba alimpa. Alikuja kumwona binti yake kila Jumapili mpaka alipofariki, na hakuwahi kuondoka pale bila kushiba. Hivyo ndivyo mtoto wa tano alivyoingia nyumbani. Alilala kitanda kimoja na wenzake, akapigwa kofi lilelile walilopigwa wenzake, akaitwa kwa jina la utani kama wenzake: Kitinda.

Kitinda alipofikisha miaka kumi na minane, Bi Mvuke alimkalisha jikoni akamweleza yote, hata idadi ya mafundo. Binti hakusema neno siku tatu. Mama naye hakumsumbua. Alipika, alifua, alisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Siku ya nne asubuhi Kitinda aliingia jikoni, akaonja chai, akakunja uso. "Mama, chai gani hii? Maji matupu." Bi Mvuke akaketi chini kwenye sakafu akalia mpaka dereva akaja mbio kuuliza nani kafa. "Hakuna aliyekufa," alijibu. "Mwanangu anataka majani."

Lakini nirudi nyuma kidogo: mwaka 1986 boila ilizimika tena, na msimamizi mpya akashuka na amri ileile ya zamani. Safari hii Bi Mvuke alipanda juu ya kapu la mashuka yenye mafundo, akalikalia. Siku tatu alilikalia. Wanawake wenzake saba wakaketi juu ya makapu mengine, na mtaa mzima ukachemsha maji kwenye masufuria ya nyumbani, ukaleta mashuka ya vitanda vyao wazazi wapate pa kulala. "Inuka!" alifoka msimamizi. "Nikiinuka, bosi, utakaa wewe?" Siku ya nne boila ikanguruma. Wapo wanaosema ulikuwa muujiza. Muujiza gani? Fundi aliitwa. Alikuwa akiishi mtaa wa pili siku zote!

Alistaafu mwaka 1999, akawa nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, na hapo wengi wetu ndipo tulipomjua. Alikunusa utosi kabla ya kukusalimia. Alikagua masikio kama polisi wa mpakani. Sheria ya mafundo aliihamishia kwenye kitambaa chake cha kichwa: mjukuu akiwa na mtihani, fundo; mwingine akiumwa jino, fundo; mkwe akitafuta kazi, fundo. Kuna miezi kitambaa kilikuwa na mafundo mengi hata kikamkaa kichwani kama kuku anayeatamia. Ukimuuliza, "Bibi, hili langu utalifungua lini?" alijibu, "Likichemka." Wala hakuwa mtu wa kufunga na kukaa. Mwenye jino alipelekwa kung'olewa, akivutwa mkono.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 moyo wake ulichoka, tukamlaza hospitali ileile. Vidole vyake vikatembea kwenye shuka mpaka pembeni, vikasimama. Shuka lililofunguliwa kabla ya kuchemka hubaki na mkunjo pale fundo lilipokuwa, kama sikio lililolaliwa. "Hili halijachemka," alisema. Muuguzi, binti mpole, akainamisha kichwa. "Bibi, boila imeharibika tangu mwaka jana. Wakubwa wanasema tusuuze tu." Bi Mvuke akaomba kitambaa chake. Mafundo yote yalikuwa yameshafunguliwa. Alikuwa amejiandaa kuondoka bila deni la mtu. Akafunga moja, polepole, akamkabidhi Kitinda. "Hili silifungui mimi. Mtalifungua nyinyi." Alifariki kesho yake adhuhuri, Kitinda akiwa amemshika mkono, juu ya shuka tulilolichemsha nyumbani.

Mlikuja mazikoni wengi. Mlilia vizuri. Mlisema alikuwa mama wa wote, mkala, mkaenda. Wodi ya wazazi iko palepale, boila iko palepale, imekufa, na fundi bado anaishi mtaa wa pili. Wiki iliyopita wazazi wawili walishikwa na homa. Sitaki uniambie unamwombea Bi Mvuke. Yeye hana shida. Kitambaa chake kiko mezani kwa Kitinda na fundo lake. Kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, makapu ya mashuka yatakuwa mlangoni pa chumba cha kufulia. Vua shuka la kitandani kwako sasa hivi, kabla hujaweka karatasi hii chini. Lichemshe wape wazazi. Halafu njoo ukae juu ya kapu.