Programu Mbili na Uso wa Marehemu

Juzi, nikiwa kwenye duka la stesheneri hapa Tunduma, mzee mmoja kutoka Isongole alileta kompyuta ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, yenye rangi chache tu. Alitaka picha ya marehemu mkewe igeuzwe ili ionekane humo. Dada wa duka alijaribu programu mbili. Ya kwanza ilitoa uso uliojaa vitone, ya pili ikatoa uso laini.

“Chukua hii laini, baba. Imependeza.”

Mzee aliinama hadi pua ikakaribia kioo. “Huyu ni nani?”

“Si ndiye mama huyo?”

“Mke wangu alikuwa na mwanya. Umeenda wapi?”

Dada alitazama vizuri. Programu ilikuwa imeuziba kwa rangi ya meno. “Imemrekebisha kidogo tu.”

“Nani kaiomba imrekebishe, mwanangu?”

Dada akarudisha ile ya vitone, mzee akarudi nyuma hadi mlangoni. Kwa mbali vitone viliungana vikawa uso, mwanya ukiwa mahali pake. Mzee akavua kofia.

Mimi tangu hapo, picha yangu ikirudi nzuri kunizidi, nauliza kwanza wameondoa nini.