Hodi Elfu Nne kwa Wilhelmina

Kisa hiki hakuna atakayekisadiki, hata nikiapa msikitini na kanisani siku moja. Lakini Wilhelmina yupo hai hapo Kibiti, kamuulizeni.

Ni mtunza kumbukumbu wa kituo cha afya, mtu wa huko juu kwenye migomba, aliyeshuka pwani na sanduku moja na hasira zake zote. Chini ya meza yake ipo kompyuta kuukuu aliyoigeuza seva kwa mikono yake mwenyewe. Mle imo orodha ya wajawazito wa deltani. Muuguzi wa Mbwera akiandika jina la mgonjwa, mwenye stoo anatoa mafuta, boti inaondoka. Jina lisipoonekana, boti haitikisiki.

Asubuhi moja akafungua daftari la mashine, lile linaloandika kila anayetaka kuingia. Majaribio elfu nne! Mtu asiyejulikana, wa nchi isiyojulikana, alikuwa akibahatisha neno la siri mpaka jogoo wa pili.

"Hana haya!" Wilhelmina akafoka peke yake. "Hata mwenye njaa habishi hodi hivyo!"

Na haki yake kukasirika. Yale ni majina ya wake za watu, miezi yao, maradhi yao. Tangu aje Mrima, huku pwani, amefundishwa kwamba hodi ni tatu. Usipokaribishwa, geuza miguu. Basi akaifunza mashine adabu hiyohiyo: atakayekosea mara tatu, anwani yake ifungiwe wiki nzima. Maneno ya siri ya zamani akayafuta, mapya akayaandika kwenye karatasi, marefu kama Mndengereko akitaja babu zake, akayapeleka kwa boti. Kisha akakaa kitini, kidevu juu.

Siku ya tatu, mchana, simu ikalia. Alikuwa Hafsa, muuguzi wa Mbwera.

"Wilhelmina, umetufungia nje!"

"Nani kakosea?"

"Karatasi yako imelowa njiani, herufi za mwisho hazisomeki. Nikajaribu mimi, ikakataa. Nikampa Seleman nahodha, yule ana mkono mwepesi. Ikakataa. Tukamwita mama Warda wa jikoni, maana hata kuku wakigoma kutaga huitwa yeye."

"Mmempa mpishi neno la siri?"

"Neno lipi, dada? Sisi wenyewe hatukuwa nalo!"

Huko wote hutumia modemu moja ya intaneti, yenye anwani moja, imefungwa juu ya mlingoti. Kwa seva, mikono ile mitatu ilikuwa mtu mmoja mkorofi. Mbwera nzima ikafungwa.

"Tabu yupo hapa kwenye benchi," Hafsa akasema, sauti imeshuka. "Miezi minane, presha imepanda, miguu imevimba. Mwenye stoo anataka kuliona jina. Na maji yanakupwa. Mto ukikauka boti italala topeni."

Hasira za Wilhelmina zikageuka zikamrudia mwenyewe. Yule mshenzi wa ng'ambo keshabadilisha anwani, anagonga bado. Aliyefungiwa nje ni mwenye nyumba! Akaifungulia Mbwera, akaiandika anwani yao miongoni mwa wenyeji wasiofungiwa, akamsomea Hafsa neno la siri herufi moja moja, kwa ukali kama anamkaripia mtoro wa madarasa.

"Rudia! Ya mwisho?"

"Ze kubwa!"

"Bonyeza!"

Hafsa akaandika, jina la Tabu likatokea. Mafuta yakatoka. Wilhelmina akabaki anakodolea kioo, akimtukana yule mgeni kwa lugha ya mama yake, na adhabu akamwongezea: akirudi, mwezi mzima. Hakuinuka kitini mpaka Hafsa alipopiga tena kusema boti imeuvuka mlango wa mto, maji yakiwa yamebakia shubiri moja juu ya tope.

Sasa sikieni. Ile boti, wallahi, haikugusa maji. Iliruka juu ya mikoko kama ndege kwembe, na Tabu akajifungua mapacha wanne, wa kwanza akatoka anapiga hodi, wa pili akaitikia kar—

"Mjomba Mwinjuma!" akanikatiza mpwa wangu. "Mtoto alikuwa mmoja. Futa kauli."