Mwamuzi Mwenye Miwani

Miaka ya hamsini, nilipokuwa nikifundisha Msambweni, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu pekee mwenye miwani pale shuleni. Watu waliamini kwamba mvaa miwani huona kuliko wengine, nami sikuwasahihisha. Ndiyo sababu, Idi moja, walipotafuta mwamuzi wa mashindano ya ngalawa, walinichagua mimi.

Ngalawa sita zilipaswa kwenda hadi kijiti kilichosimikwa mwambani, zikizunguke, kisha zirudi. Kule mbali zilionekana kama vipande vya karatasi, kwa hiyo jirani yangu, mzee aliyepigana Burma, aliniazima darubini yake. Nikapanda juu ya meza, nikaipachika kwenye miwani kwa madaha.

Sikuona kitu. Yaani niliona kiduara kidogo, mfano wa mtu anayechungulia tundu la kitasa, na kope zangu mwenyewe zikichezacheza kama miguu ya kaa. Nikaikandamiza zaidi, miwani ikanichimba pua. Nikaivua, nikazungusha kigurudumu cha katikati ya darubini, kile cha kusafishia picha, na bahari ikanijia safi kabisa. Lakini mtu aliyechaguliwa kwa ajili ya miwani yake aivue mbele ya umati? Nikairudisha upesi.

"Mwalimu, nani yuko mbele?" watu wakapiga kelele.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na meza. Mwanawe, shemeji yangu, alikuwa nahodha wa ngalawa yenye tanga jekundu. Nikasema neno ambalo lingeniletea heshima nyumbani.

"Tanga jekundu! Shemeji amekizunguka kijiti wa kwanza!"

Mama mkwe akapiga vigelegele. Nikanogewa. Nikaeleza jinsi shemeji alivyoinama, alivyowakatia wenzake upepo, hata alivyokuwa akicheka.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma yangu, "huyo anayecheka ni nani?"

Alikuwa yeye mwenyewe, amelowa chapachapa, ameshika kipande cha mlingoti. Ulikuwa umevunjika kabla hawajafika mwambani, wakarudi kwa makafi, wakashukia mbali kidogo na pale tulipokuwa.

Watu walicheka hadi wakakaa mchangani. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Yule mzee akanipokonya darubini, akavizungusha vile vikombe vyeusi vya kuwekea macho, akavitoa kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa.

"Hivi ni vya asiye na miwani," akasema. "Wewe vinalitenga jicho lako mbali mno. Si ungeuliza, mwanangu?"

"Niliona haya, mzee."

Nikatazama tena. Subhanallah! Duara lote lilijaa bahari, pua haikuuma, nikamwona hata nahodha wa ngalawa ya mbele akijikuna shingo. Nikatangaza kwa sauti ya chini kwamba tanga lenye viraka linaongoza. Hakuna aliyenisikiliza, ngalawa zilikuwa zimekwisha kukaribia, na kila mtu alimwona mshindi kwa macho yake.

Mwaka uliofuata uamuzi alipewa mzee. Mimi niliwekwa kulinda makubadhi ya watu waliojitosa majini, na jozi moja ikapotea.