Kisima cha Wapagazi

Wifi yangu Leonia hana roho mbaya. Nalisema hili mapema, maana nikishaanza kusimulia nitapandwa na hasira na nitasahau kulisema.

Ni dada wa mume wangu Kornel, kitindamimba wa nyumba hii, na ndiye aliyesoma kutushinda sote. Anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye jumba kubwa la makumbusho, na cheo chake ni mkuu wa utafiti. Mimi nilidhani mkuu wa utafiti ndiye anayetafiti. Kumbe wapi. Kazi yake ni kuwaweka meza moja wataalamu wasiosikilizana, wa mambo ya kale, wa udongo, wa mimea, wa wadudu, wa mila, halafu aamue nani atangulie na nani asubiri.

"Kila mwamba ngoma huvutia kwake, wifi," aliniambia siku moja tukimenya karanga. "Na hiyo ngoma nimeshikishwa mimi."

Nikamwambia basi itampasukia mikononi. Tulicheka sana, kwa sababu mawifi wasipotaniana nyumba haina chumvi.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Ipole. Mjini Tabora bomba la maji ya ziwa lilishafika. Sisi tunaambiwa bado kidogo, na hiyo bado kidogo naisikia tangu sijazaa. Tulichokuwa nacho ni kisima kimoja, wazee wanakiita cha wapagazi, kwa sababu misafara ya zamani ilikuwa inalala hapo. Hata kiangazi kiwe kikali namna gani, kisima chetu hakikukauka. Kila mwaka kabla ya mvua wanawake tulishuka kukisafisha, tukatoa tope kwa mikono na kwa vibuyu. Jembe haliingii, sepetu haiingii. Chuma hakishuki kisimani, basi. Nilipoolewa niliuliza kwa nini, mama mkwe akanijibu, "Kwa sababu hakishuki." Nikacheka kimoyomoyo. Hakuna aliyekuwa na jibu zaidi ya hilo, na mimi sikuhangaika kulitafuta.

Mwanzo wa kiangazi Leonia akaja na habari. Jumba lao lilikuwa limepata mradi mkubwa kuhusu njia ya misafara, idara zote zifanye kazi pamoja, na mahali pa kuanzia alipachagua yeye: kisima chetu. Akaitisha mkutano. Akapiga goti mbele ya wazee kama binti wa nyumbani, akaeleza kwamba ndani ya lile tope kuna shanga walizoangusha wapagazi, kuna mabaki ya mimea iliyokuwa ikiota zamani, kuna konokono wanaoweza kueleza watu wa misafara waliugua nini. Akaomba kisima kifungwe wiki chache.

"Nitawarudishia kikiwa safi kuliko sasa," alisema. "Naapa kwa jina la marehemu baba."

Tukakubali. Angekuja mtu mwingine tungemfukuza palepale. Tulikubali kwa kuwa ni wetu.

Wataalamu wakafika, wakazungushia kisima turubai, halafu wakaanza kubishana. Adinani, wa mambo ya kale, alitaka kukausha kisima na kuchimba mara moja, kwani shanga huzama chini kabisa. Silasi, wa udongo, alisema wakichimba kwanza matabaka yatavurugika, aachwe apenyeze mrija wake mwembamba achukue udongo kidogo. Wakabishana asubuhi, wakabishana jioni uwanjani kwetu, ugali niliowapikia unapoa. Wiki chache zikapita, zikaja nyingine. Kisima kimefungwa, maji yamo, na sisi tunakwenda kuchota kwenye bwawa la mifugo, mbali, maji ya kijani yenye harufu ya ng'ombe. Nilichoka mpaka kwenye mifupa. Nikamfuata wifi yangu nikamwambia bila kuzunguka kwamba kama yeye ndiye mkubwa wao, aamue, kisima kifunguliwe.

Akaamua. Adinani kwanza. Mabosi wa Leonia walikuwa wanajenga ukumbi mpya wa misafara na walitaka vitu vya kuonyesha. Shanga watu watapanga foleni kuziangalia, tope nani atalitazama? Silasi awe wa pili. Mimea ifuate, kisha wadudu. Mila mwisho, mwakani.

Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni anachambua maharage. "Leonia," alisema, "chuma hakishuki mle."

"Najua, mama. Hilo tumeliweka kwenye mila. Litafika zamu yake."

Alimjibu kwa upole, na ndiyo maana inaniuma. Hakuwa anamdharau mama yake. Aliliheshimu lile neno kiasi cha kulitengea nafasi kwenye mradi, nafasi ya mwisho.

Siku ya kuchimba kijiji kizima tulikuwepo. Pampu ikavuta maji mpaka yakabaki ya kwenye vifundo vya miguu, vibarua wakashuka na sululu. Shanga kweli zilitoka, nyekundu na nyeupe, Adinani akawa anazisuuza kiganjani huku macho yamemjaa machozi. Leonia alinishika mkono kwa furaha. Nami nilifurahi, sitadanganya. Halafu kibarua mmoja akasema hapa pagumu, akainua sululu, akapiga mara ya pili na ya tatu. Maji yaliyobaki yakaanza kuzunguka, yakaingia kwenye lile tundu kama kwenye beseni lililotoboka, yakaisha. Tukaona miguu ya vibarua imekauka.

Silasi alisukuma watu akafika ukingoni. "Acheni," alisema, lakini hapakuwa tena na cha kuacha. Akageuka kwa Leonia. Alieleza kwamba pale pagumu palikuwa sakafu ya mfinyanzi. Maji ya kisima kile hayakutoka chini. Yalinyonywa kutoka kwenye mchanga wa pembeni, yakatuama juu ya ule mfinyanzi. Ukiutoboa, yanazama.

"Mbona hukuniambia?" Leonia aliuliza.

"Ningeliona kwenye mrija wangu. Lakini mimi nilikuwa wa pili."

Wifi yangu alikaa chini palepale, kwenye tope, na suruali yake ya kazini.

Tulijaribu. Tulivunja kichuguu, tukaukanda ule udongo kama wa kusakafia nyumba, wanawake tukashuka kuziba lile tundu kwa mikono, Leonia mbele yetu, kucha zinatoka damu. Maji yakajikusanya kidogo, sote tukainama kuyatazama. Kulipokucha yalikuwa hayapo. Tukaziba tena. Silasi akasema ufa umeshakwenda mbali, akaomba tusimtazame namna ile.

Leonia akarudi Dar kuwaangukia wakubwa wake wachimbe kisima cha pampu. Wakamwambia fedha zile ni za utafiti, haziruhusiwi kwenda kwenye maji. Akaenda kwenye ofisi za maji za huku, akaambiwa mtambo wa kuchimbia una foleni, labda baada ya masika. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili baada ya misa, mwisho nikaacha kupokea. Ningemwambia nini? Kornel alikuwa ameswaga ng'ombe kuelekea Sikonge, wawili wakafia njiani. Jirani zetu wa upande wa mashariki walishang'oa mabati, wakahamia kwa ndugu zao. Kila asubuhi niliamka nikiogopa kuona moshi wa jiko la nani haupo. Nilimchukia wifi yangu, na nilimhurumia, na vyote viwili vilinichosha sawasawa.

Mwishoni mwa Oktoba, jua linachoma na mawingu hakuna, akaja mwenyewe, bila gari la kazini, kwa bodaboda. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Nilikuwa ndio nimetua ndoo kutoka bwawani, maji ya kufunika kitako tu kwani bwawa nalo lilikuwa linakauka, na mama mkwe alikuwa ameketi kivulini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akakaa kwenye mkeka, si kwenye kigoda. Akasema amekataliwa kila mahali. Akasema ameacha kile cheo, ameomba kuja kuishi hapa, achote maji na sisi mpaka atakapopata njia. Aliyasema yote akitazama vidole vyake.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Laiti angefoka. Akageuza uso kwangu.

"Julieth," alisema, "mpe mgeni maji."

"Mama, mimi si mgeni," Leonia akasema.

Mama akanionyesha ndoo kwa kidevu. Nikachota kikombe kwenye ndoo, nikampa kwa mikono miwili kama mtu wa mbali anavyopewa. Yalikuwa ya kijani. Alitazama ndoo, akaona kilichobaki hakitoshi kupika, akataka kuyarudisha. Mama akamwambia anywe. Akanywa yote huku analia, na sisi tukasubiri amalize.